Koti Nyuma ya Mlango

Mkono wa Mabruka ulikwenda wenyewe nyuma ya mlango wa sebule, kama ulivyokwenda kila asubuhi tangu maiti ya mumewe itoke katika nyumba hii, na asubuhi hiyo ukakuta msumari mtupu.

Aliupapasa msumari, akaupapasa ukuta, akarudi kwenye msumari. Kisha akauvuta mlango na kuchungulia, kana kwamba macho yangepata kilichokosekana mkononi. Hapakuwa na kitu ila doa la mafuta ukutani, mahali bega la koti la Shamsudin lilipoegemea miaka yote.

"Wifi!" aliita. "Wifi Mahira!"

Mahira, dada mkubwa wa marehemu, alitoka jikoni na kisu cha vitunguu mkononi. Alipanda kutoka Mombasa siku ya msiba na hakurudi. Alijipa mwenyewe kazi ya kumsimamia mjane wa nduguye mpaka eda iishe, ile miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani bila wanja, bila hina, bila manukato. Na Mahira si mtu wa kusimamia jambo nusunusu. Siku ya kwanza tu alikusanya nguo zote za Mabruka zilizofukizwa udi, akazifungia ndani ya sanduku na kulisukuma chini ya kitanda. Chetezo akakipandisha juu ya kabati. Halafu akafua mashuka, foronya, mapazia na kila kilichofulika, isipokuwa nguo za marehemu zilizongoja sadaka. Nyumba ile ya Uthiru, orofa ya tatu, ikabaki kunuka sabuni na vitunguu basi.

"Koti li wapi?"

"Koti gani?"

"La Shamsudin. Lililokuwa hapa."

"Ah, lile." Mahira alishusha kisu. "Si jana Mujahid alikuja kuchukua nguo za marehemu? Nikampa na hilo. Kanzu, suruali, viatu, vyote vimekwenda sadaka, thawabu zimfikie huko aliko. Nilikwambia, ukaitikia."

Kweli aliambiwa, na kweli aliitikia. Lakini mfiwa huitikia mengi. Mwambie chai imepoa, ataitikia. Mwambie nyumba inaungua, ataitikia vilevile.

"Nilidhani ni nguo za kabatini," alisema.

"Koti lenyewe lilikuwa limechakaa, wifi yangu, kola imekwisha. La kuvunda halina ubani. Njoo unywe uji."

Mabruka akaenda, akanywa uji, na hakumwambia neno. Angemwambia nini? Kwamba kila asubuhi, kabla watu hawajaamka, alikuwa akiufunga mlango polepole na kuutia uso wake ndani ya koti lile? Mtu mzima, mwenye binti anayefanya kazi, anajificha nyuma ya mlango na kunusa nguo! Koti lilinukia karafuu, alizozoea Shamsudin kutafuna tangu ujana wake. Lilinukia mafuta ya cherehani, kwa kuwa alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani mjini, na mafuta hayo yalimwingia mpaka kwenye kucha. Na lilikuwa na kitu cha tatu ambacho Mabruka hakuwahi kukitafutia jina. Hicho kwake kilikuwa ni Shamsudin mwenyewe. Harufu ilikuwa ikipungua siku hadi siku, alilijua hilo, na alikuwa akiivuta kidogokidogo ili isiishe upesi. Sasa ilikuwa mahali fulani ndani ya jiji la Nairobi, juu ya mabega ya mtu asiyejua amevaa nini.

Julai ilikuwa imeuma mwaka ule. Ukungu ulikaa juu ya Waiyaki Way mpaka saa nne, na kila mwenye koti alikuwa amelivaa.

*

Mujahid alikuja baada ya alasiri. Alikuwa mdogo wake Shamsudin, mwalimu wa madrasa mjini, mtu mpole mwenye kupenda mambo yawe sawa kama vitabu vilivyopangwa. Aliketi sebuleni na kofia yake juu ya goti. Mabruka alikaa chumbani upande wa pili wa pazia, kama ada inavyotaka, na wote wawili wakawa wanalisemesha pazia.

"Shemeji, pole na upweke. Dada aniambia umepungukiwa na kitu."

"Lile koti, Mujahid. Nalihitaji."

"Mna kitu mfukoni? Kama ni hati, au pesa, niambie tu."

"Hamna kitu."

"Sasa?"

"Nalihitaji."

Mujahid alivuta pumzi. Nguo alizigawa msikitini na mitaa ya jirani, moja huku, mbili kule, na mwenye kutoa sadaka haandiki nani kapewa nini. "Haya. Koti ni la rangi gani?"

Lile koti Mabruka alilipiga burashi, alilishona, alilitundika na kulitundua maisha yake yote ya ndoa. Rangi! "Ni kama maji ya chai iliyolala," alisema.

"Kahawia?"

"Si kahawia. Likipigwa na jua lina ujani."

"Kijani basi."

"Si kijani, Mujahid!"

"Haya, si kijani. Saizi yake?"

"Nikilivaa mimi, mikono yake yanifika hapa."

"Hapa wapi, shemeji?"

Alikuwa ameunyosha mkono mbele ya pazia, anaonyesha kwenye ncha za vidole. Akaurudisha mapajani. Aliona haya, na juu ya haya aliona hasira, kwa sababu koti alilijua kuliko mtu yeyote hapa duniani na maswali yaliyoulizwa ndiyo peke yake asiyokuwa na majibu yake.

"Sikiza," alisema. "Ukilipitishia kidole lina mistari ya kuinuka, kama shamba lililolimwa."

"Kodrai."

"Hiyo. Lakini kwenye viwiko mistari imekwisha, pamekuwa laini kama sikio la mtoto. Ukilinyanyua laelemea kulia, maana alikuwa akiweka funguo na bisibisi upande huo. Kitufe cha tatu si chake, ni cha chuma, asubuhi huwa baridi. Nilikishona mimi. Na akitembea nalo lasema. Mikono yajisugua mbavuni, swi, swi. Nilikuwa nikimjua yuko kwenye ngazi kabla hajagonga mlango."

Mujahid alikohoa, akakohoa tena, na kikohozi cha pili hakikuwa kikohozi. Yeye naye alikuwa akiijua ile swi, swi. Lakini mwalimu ni mwalimu, na alipopata sauti yake aliipata upande wa kitabu.

"Ila sadaka hairudishwi, shemeji. Mwenye kurejea sadaka yake ni kama mbwa arudiaye matapishi yake. Hayo si maneno yangu."

Damu ilimpanda Mabruka usoni. Kumbe ndiko walikofika, mjane na mbwa!

"Mimi sikuitoa," alisema. "Mliitoa nyinyi. Na mali ya maiti ina warithi, Mujahid. Wewe ndiye uwafundishaye watoto wa watu hayo."

"Wifi!" Mahira alisikika jikoni, sufuria likalia juu ya jiko.

Mujahid alivaa kofia yake. "Nitauliza," alisema kwa unyonge. "Siahidi."

Mabruka alikuwa amelieleza koti kwa vidole, kwa uzito, kwa baridi na kwa sauti. Lililobaki ni jambo moja tu, nalo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Angelisema, mengi yasingetokea. Lakini mwanamke aliyekaa eda atamwambiaje shemeji yake, kupitia pazia, kwamba anatamani harufu ya mwanamume?

*

Jumamosi mchana Sahar alirudi nyumbani na mfuko mkubwa wa karatasi wenye kamba za hariri.

Sahar alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikaa mapokezi katika ofisi moja ya ghorofani Westlands, anawatabasamia wageni kuanzia asubuhi, na akifika nyumbani tabasamu lilikuwa limekwisha. Tangu msiba walikuwa wakikutana na mama yake kama wapangaji: hujambo, umekula, lala salama.

"Mum, nimekuletea kitu. Fumba macho."

Mabruka alifumba. Kitu kizito kikawekwa mapajani mwake, na mikono yake ikakijua mara moja kwamba sicho. Mistari ya kodrai ilikuwepo, mikali, mipya, lakini ilikwenda mpaka viwikoni na kuendelea. Uzito ulikaa sawasawa pande zote. Vitufe vyote vilikuwa ndugu. Alikikunja kitambaa sikioni. Kilikuwa kikavu, hakisemi. Akainamisha uso kidogo, kwa siri, na pua yake ikapata nailoni na duka.

"Nimezunguka mall yote," Sahar alisema. "Color ilikuwa rahisi, ni olive. Uncle Mujahid ati chai, ati nini! Daddy alikuwa anavaa olive. Cheki, hata buttons zinafanana."

Mtoto aliijua rangi bila kufikiri. Mabruka alifumbua macho, akalitazama koti, akaona kwamba ni kweli, ndiyo rangi yenyewe.

"Ni zuri sana, mwanangu. Ahsante."

"Hujalipenda."

"Nimelipenda."

"Mum, naona." Sahar aliketi kitandani, viatu vikiwa bado miguuni. "Sasa shida ni nini? Uncle anasumbua watu town mzima juu ya koti imeraruka. Nimekutafutia ingine kama hiyo hiyo, bado uso ni ule ule. Ni nini unataka, nikuletee?"

Neno lilimfika Mabruka kooni. Alimtazama binti yake, kucha zake zilizopakwa rangi, macho yaliyochoka, akaona haliwezekani kwa mtoto kama lilivyoshindikana kwa shemeji. Mtoto hasikizi mambo ya kitandani kwa wazazi wake, na harufu ya mume iko jirani sana na kitanda.

"Sitaki kitu," alisema.

"Mimi pia nilimpoteza," Sahar alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Hujawahi niuliza mimi nataka nini ya Daddy. Hakuna mtu ameniuliza."

Akaingia chumbani kwake, na mlango ukafungwa bila kishindo. Afadhali ungepigwa. Mabruka alisimama mbele yake, mkono kwenye kitasa, akasikia muziki mdogo wa masikioni unavuja kutoka ndani. Alitaka kuuliza, na wewe wataka nini, mwanangu? Alisimama hapo mpaka miguu ikachoka, kisha akaenda zake.

Mahira, aliyependa msumari uwe na kazi, akalitundika koti jipya nyuma ya mlango. Kuanzia hapo kila asubuhi mkono wa Mabruka ulilikuta. Msumari mtupu ulikuwa bora mara mia, kwa kuwa msumari haukujisingizia kuwa mtu.

*

Upweke wa eda si wa kukosa watu. Watu walikuja: majirani na vyungu vya wali, wake za masheikh na maneno ya subira. Wote walimkumbatia, na kila mmoja alinukia nyumba yake, hii mafuta ya nazi, hii moshi wa mkaa, hii mtoto mchanga. Wakiondoka, Mabruka alibaki na mikono yake inayonuka sabuni. Hata redio ya Shamsudin ilikuwa imepanguswa, kile kitufe chake kilichokuwa kikinata kwa vidole vya mafuta sasa kinateleza kama cha dukani. Watu walikuwa wakimfutia mume kwa mapenzi, kipande kwa kipande, na yeye alikuwa akiwaambia ahsante.

Siku ya Jumatatu Mujahid alipiga simu.

"Limepatikana, shemeji," alisema, na furaha ilimtoka kwenye simu kama mtoto. "Analo Kiilu, mlinzi wa lile jengo marehemu alimokuwa na kibanda chake. Nilimpa mwenyewe, nikasahau kabisa! Nimemwambia familia yalihitaji. Hakuuliza hata swali. Mkewe atalileta."

Mabruka alilijua jina la Kiilu. Shamsudin alikuwa akilitaja: Kiilu kasema hivi, Kiilu kacheka vile. Alichukua namba, akajifungia chumbani, akapiga, akiwa ameyapanga maneno tayari. Lisiguswe. Lije kama lilivyo. Maneno machache tu.

"Halo? Nani mwenzangu?" Ilikuwa sauti nzito ya mwanamume, na nyuma yake honi na makelele ya Dagoretti Corner.

"Ni… nyumbani kwa Shamsudin."

"Ai, mama! Mama, pole sana. Mzee alikuwa mtu yangu, wacha tu. Sikujua hiyo koti mnaitaka. Mama Muli ataleta kesho, usijali."

"Naomba li…" Mabruka alianza.

"Niko na wewe, mama."

Mwanamume asiyemjua, na nyuma yake umati wa watu. Mabruka alihisi joto masikioni.

"Naomba lisiwe taabu kwenu," alisema. "Mungu awabariki."

Akakata simu, akakaa kitandani akijichukia.

*

Mbithe, mkewe Kiilu, mama yake Muli, alifika kesho yake mchana. Alikuwa mwanamke mrefu wa Kikamba, mikono yake mikavu na myeupe vidoleni kwa sabuni. Alivua viatu mlangoni ingawa aliambiwa asivue, akaketi ukingoni mwa kochi, akamkabidhi Mabruka kifurushi kwa mikono miwili.

Mahira alikuwa ameteremka kununua maziwa. Mabruka alishukuru Mungu kwa hilo. Alikifungua kifurushi taratibu, na kabla karatasi haijafunguka yote, harufu ilimpiga usoni.

Maua. Maua ya chupa, yale ya kutiwa kwenye maji ya kusuuzia.

Koti lilikuwa limefuliwa likatakata. Mikono ilikuwa imepigwa pasi mpaka ikawa na mkunjo. Kola iliyokwisha ilikuwa imeshonwa kwa uzi uliotafutwa ukafanana. Mabruka aliuzamisha uso wake humo ndani, bila kujali nani anatazama. Alitafuta kolani, kwapani, kwenye bitana, ndani ya mfuko wa kulia. Maua. Kila mahali palikuwa na maua.

"Mama?" Mbithe alisimama. "Mama Sahar, nimeiharibu? Niliifua mara mbili. Nilisema siwezi rudishia mtu nguo ya marehemu ikiwa chafu, ni madharau. Iliruka rangi? Niambie."

Mabruka alikuwa ameketi sakafuni. Hakukumbuka kuketi. Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, siku ambayo watu walimsifu kwa subira yake. Mbithe, asiyejua kosa lake, alikaa naye chini na kumshika bega.

"Nilitaka harufu yake," Mabruka alisema. Likatoka, mbele ya mgeni, lile lililoshindikana kwa wote wa nyumbani. "Sikutaka koti. Nilitaka harufu yake tu, na niliona haya kusema."

"Ngai, Mungu wangu," Mbithe alisema. Akatoa mkono begani, akajifunika mdomo. "Na hakuna mtu aliniambia! Kwetu hata ukikopa sufuria unarudisha imeoshwa."

"Si kosa lako. Ni mdomo wangu."

Chini barabarani mtu alikuwa akitangaza viazi kwa kipaza sauti.

"Lakini mimi niliinusa," Mbithe alisema baadaye, taratibu, kama mtu asiye na hakika kama anasaidia au anaongeza. "Kazi yangu ni kufulia watu nguo, pale Corner. Nguo lazima uinuse kwanza, ndio ujue utaanza na nini. Hiyo koti niliinusa yote."

Mabruka aliinua kichwa. "Ilinukia nini?"

"Kwa mikono ilikuwa mafuta. Mwanzo nilidhani ni mafuta ya taa, lakini hapana, hii ilikuwa nyepesi, haichomi pua."

"Ya cherehani."

"Hapo. Kwa mfuko ilikuwa karafuu. Kuna moja ilikuwa imeshikana na uzi, niliitupa, nisamehe. Kwa kola ilikuwa jasho, lakini jasho tamu, ya mtu hanywi pombe." Mbithe alikuwa amefumba macho, na vidole vyake vilikuwa vikisugua hewa. "Halafu ndani kwa bitana, hapa mbele…"

"Hapa mbele nini?"

"Si kitu."

"Mama Muli. Kwa Mungu wako."

"Sigara," Mbithe alisema, akafumbua jicho moja. "Mama, nilidhani unajua. Yeye na Kiilu walikuwa wanavuta pamoja nyuma ya jengo, jioni, wakitoka. Moja tu. Ndio baadaye mzee anatafuna ile karafuu."

Mabruka alimtazama. Karafuu! Maisha yote ya ndoa amekuwa akimnunulia karafuu kwa mikono yake mwenyewe, akizichagua zile zenye vichwa.

"Endelea," alisema, na sauti yake haikuwa ya kulia tena.

"Imebaki moja tu. Kwa bega na kwa mgongo ilikuwa na harufu nzuri, ya moshi mtamu, kama ya harusi yenu Waislamu. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kutoka. Nikajiuliza, huyu mzee alikuwa anajipaka nini?"

"Hakuwa akijipaka kitu," Mabruka alisema polepole. "Ule ni udi. Nilikuwa nikijifukiza mimi kila Ijumaa. Ule ni mimi."

Basi kile kitu cha tatu, alichokuwa akikivuta asubuhi kidogokidogo na kukiita Shamsudin, nusu kilikuwa sigara na nusu kilikuwa yeye mwenyewe. Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkatika.

Mahira alipopanda na maziwa aliwakuta wameketi sakafuni kama wasichana, macho mekundu, na koti katikati yao. Akaguna, akaenda kupika chai.

Mbithe alipotaka kuondoka, Mabruka alilitundua lile koti jipya nyuma ya mlango na kulitia mikononi mwa Mbithe. Mbithe alikataa. Akakataa tena. "Mumeo analala nje usiku na baridi hii," Mabruka alimwambia, "na mimi ndiye niliyemvua. Lichukue. Binti yangu nitamwambia mwenyewe." Mbithe akalipokea kwa mikono miwili, kama alivyoleta.

*

Alipobaki peke yake Mabruka alilitundika koti la zamani kwenye msumari wake. Lilikuwa jepesi bila ya funguo. Kisha akasimama katikati ya chumba, kwa sababu fikira ilikuwa imemjia na aliogopa ikiguswa itakimbia.

Ikiwa udi wake ulimwingia Shamsudin mpaka mabegani, je, vya Shamsudin navyo vilikwenda wapi?

Aliingia chumbani, akapiga magoti, akalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akalifungua. Juu kabisa ilikuwa leso yake ya kujitanda, kanga ile ambayo Shamsudin, kila jioni, taulo ikiwa imetundikwa palepale, alikuwa akijipangusia mikono na mdomo, naye akimgombeza. Hakujitanda. Kuvaa ndiko alikokatazwa. Kuhusu mwanamke kunusa leso yake mwenyewe, hakuwahi kusikia sheikh yeyote akigusia. Akaikusanya kwa mikono miwili, akaitia usoni.

Kwanza udi. Alingoja. Chini ya udi karafuu, chini ya karafuu mafuta ya cherehani, mepesi, yasiyochoma pua. Na chini kabisa, dhahiri, kitu alichokuwa akikivuta miaka yote hiyo bila kukijua, na leo alikijua kwa kuwa kimepewa jina.

Hakusikia mlango wa nje. Alisikia hatua zikisimama ghafla sebuleni, na alipogeuka alimwona Sahar amesimama anatazama nyuma ya mlango, mkoba ukimteleza begani.

"Imerudi," Sahar alisema. Hakulisogelea koti wala hakulinusa. Alilitazama tu, rangi yake na jinsi lilivyokaa pale. "Hivi ndio nilitaka, Mum. Nikiingia niione hapo."

"Itakaa hapo," Mabruka alisema. "Njoo. Nilikuwa sijakuuliza, na leo nakuuliza kitu kingine kwanza. Nusa hapa."

Sahar alipiga magoti kando ya sanduku, akainama juu ya leso. Alivuta pumzi, akavuta tena.

"Ni Daddy," alisema.

"Nini tena?"

"Udi yako." Alimtazama mama yake kwa woga kidogo. "Na… si unajua?"

"Niambie."

"Sigara. Alikuwa anavuta kwa ngazi nikiwa mdogo. Alinipa peremende nisikuambie."

"Mwongo mkubwa," Mabruka alisema, akiitazama leso. "Wewe na babako." Kicheko kikamtoka, kikamtoka na Sahar, wakashikana mikono juu ya sanduku lililo wazi, wakicheka na kulia, mpaka Mahira akaja mlangoni kuuliza ni harufu gani hiyo ya udi katika nyumba ya eda.

"Ni ya zamani, wifi," Mabruka alisema. "Ni ya zamani tu."

Akaikunja leso, akairudisha, akalifunga sanduku upesi ili harufu isitoke bure.